Kichwa cha Wimbo wa Mzee Tomasi

Mwanangu Irakoze,

Jumapili uliniuliza jambo ukiwa umeegemea mlango wa jikoni, simu mkononi, nami nikakujibu uongo. Uliniuliza, "Mama, hivi Bibi Fabiola alimuuza nani?" Nikasema wazee wana mambo yao, nikaendelea kuchambua dagaa ambao nilikuwa nimeshamaliza kuwachambua. Ukacheka, ukarudi kwenye simu yako. Kesho unapanda treni, na sitaki uondoke na jibu lile.

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi unanukia sabuni, umekwenda kuwaaga wenzako wa mpira huko ufukweni, na umesema utarudi jua likizama, maana yake utarudi baada ya hapo. Basi nina mchana mzima. Mambo ya kufua na kula na kuishi na watu bwenini sitayaandika. Baba yako amekuhutubia tangu wiki iliyopita, na alichokisahau, shangazi zako wa Simbo wamekiongezea. Mimi naandika lile ambalo hakuna mwingine wa kukuambia, kwa sababu hakuna mwingine anayelijua.

Nianzie kwenye ubishi wako wenyewe. Ulikuwa unabishana kwenye kundi lenu na mtu usiyemjua, yule anayejiita Tajiri wa Chaji, juu ya simu ipi inarekodi sauti vizuri mahali penye kelele. Yeye akakuambia simu yako ni redio ya mbao. Wewe ukamwambia subiri. Ukaenda mpaka Ujiji, kwenye meza ya Bibi Fabiola ya mafuta ya mawese, katikati ya soko, ukamwekea simu mdomoni ukamwambia aseme chochote. Naye akasema. Nimeisikia sauti hiyo mara tatu, kwa sababu uliicheza mara tatu:

"Niseme nini mimi? Mimi hata bila simu nilisikika ng'ambo. Waulize wa kambini. Si mimi niliyemuuza mzee wa inanga kwa mdomo wangu huu? Haya, zima hicho kidude, unanifukuzia wateja."

Kundi zima likacheka. Tajiri wa Chaji akanyoosha mikono. Ulishinda, ukaingia nyumbani unatembea kama mtu aliyefunga bao. Ndipo ukaniuliza lile swali.

Mwanangu, Bibi Fabiola hakumuuza mtu. Aliyefanya hivyo ni mimi.

Nimeandika hapo nikaiacha kalamu, nikaenda kuchungulia sufuria. Sasa nimerudi.

Unajua nililelewa kambini, kwenye kambi ya wakimbizi. Hujui nilikuwa mtoto wa namna gani, kwa sababu sasa unaniona sokoni nikipatana bei na watu mpaka unaona aibu. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita nilikuwa siwezi kuomba chumvi kwa jirani. Shule ya kambini ilikuwa ya lugha mbili, Kirundi na Kifaransa, nami daftari zangu zilikuwa safi katika lugha zote mbili, lakini mwalimu akiniita ubaoni nilikuwa naanza kutoka jasho kabla sijasimama. Kiswahili nilikiokota bombani, na kwa wanawake wa Kiha waliokuja kutuuzia mihogo. Sikuwa nakisema. Nilikuwa nakiweka.

Mzee Tomasi, jirani yetu, alikuwa akinitania. "Huyu mtoto wa Goreti," anasema, makusudi, maana Goreti nilikuwa mimi mwenyewe, kana kwamba mwenyewe hayupo, "huyu, salamu yake lazima uifuate ndani ya koo ukaivute." Nilikuwa nacheka nikiangalia chini. Yeye peke yake ndiye alikuwa ananitania bila kuniumiza.

Halafu kikafunguliwa chumba cha kompyuta. Kilikuwa chumba cha mabati, kompyuta sita za zamani, umeme wa jua, na orodha ya majina mlangoni. Kila mwanafunzi alipata saa moja, mara tatu kwa wiki. Wenzangu walitafuta picha za wanamuziki na wachezaji. Mimi nikaangukia kwenye jukwaa moja la Waswahili mtandaoni, watu wa kila mahali, wengi sikuwahi kujua ni wa wapi, wanaobishana juu ya kompyuta na simu na filamu na muziki. Nilisoma kwa wiki tatu bila kuandika. Wiki ya nne nikajiandikisha. Jina nililojipa ni Mgebuka, kwa sababu ndiye samaki tuliyekuwa tunapikiwa siku za furaha.

Irakoze, sijui nikuelezeje. Msichana asiyeweza kuomba chumvi akawa mtu wa kuogopwa. Nilikuwa naandika jibu langu kwanza kwenye daftari, nyumbani, nalinoa na kamusi niliyoazima kwa mwalimu, kisha naenda kulipiga chapa. Kulikuwa na mmoja, akijiita Fundi Bofya, ambaye ndiye alikuwa jogoo wa jukwaa lile. Alikuwa anapenda programu za kununua, na mimi nilikuwa mtu wa programu za bure, kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo, na mtu hugeuza alichonacho kuwa imani.

"Programu za bure ni viatu vya kuokota," aliandika siku moja. "Vinakubana, na hujui nani alivivaa kabla yako."

Nikaandika: viatu vya kuokota ndivyo vilivyonifikisha hapa nilipo. Nikaisoma. Ilikuwa kweli, maana tulivuka mpaka nikiwa nimevaa viatu vya mtu nilivyovikuta njiani. Nikaifuta kabla ya kuituma. Nikaweka kitu kingine, kuhusu uzito wa programu na kompyuta za zamani. Nakuambia haya ili ujue kwamba nilikuwa nafahamu kuficha. Nilikuwa hodari wa kujificha mimi.

Hata tulibishana juu ya hilo lenyewe. Fundi Bofya alitaka kila mwanachama aweke jina lake halisi na mji wake. "Mwenye kujificha ana lake," akasema. Nikamjibu kwa karibu mwezi mzima. Nilimwambia jina la mtu ni mali yake, kwamba wapo watu ambao jina lao likitajwa mahali pasipofaa mlango wao unagongwa, na kwamba yeye anasema hivyo kwa kuwa hajawahi kugongewa. Watu wakaniunga mkono. Mmoja akaandika, "Kiswahili cha Mgebuka kina vumbi la kamusi, lakini kinapiga." Nilikariri sentensi hiyo. Nilitembea nayo wiki nzima, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa kanisani.

Sasa nikuambie Mzee Tomasi alikuwa nani.

Alikuwa mpiga inanga. Umewahi kuiona moja tu, kwenye ile sherehe ya Kasulu, ukasema inafanana na trei ya chai. Ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo, nyuzi nane zinapita juu yake. Mpigaji haimbi kwa sauti. Ananong'ona, na nyuzi zinambebea maneno, mpaka hujui ni yeye anayesema au ni ubao. Kwa wapigaji wa kwao Mzee Tomasi, wimbo ulikuwa na kichwa. Kabla ya hadithi, mpigaji anajitaja: mimi fulani, mwana wa fulani, wa mlima fulani, ninayekunywa maji ya kijito fulani. Asiyejitaja, alikuwa akisema, ni kama mgeni anayenyoosha mkono kwenye sahani kabla ya kusalimu.

Lakini kambini yeye alikuwa hajitaji. Anaanza hadithi moja kwa moja. Wazee wenzake walikuwa wakimlalamikia, "Tomasi, wimbo wako umekatwa shingo," naye anacheka tu. Sababu waliijua watu wawili. Tomasi halikuwa jina lake. Kule kwao alikuwa ameona jambo lililofanywa na watu fulani wa mlima wake, na watu hao walijua ameliona. Alivuka mpaka na ubao wake mgongoni na jina jipya.

Mtu wa kwanza aliyejua ni Mama Fabiola, ndiye huyu unayemwita Bibi. Alikuwa jirani wa pili, anampikia mzee uji, anamfokea akikaa na njaa, naye mzee akamweleza. Mama Fabiola wakati ule alikuwa vile vile kama leo. Akifika bombani, bomba linanyamaza. "Mimi mdomo wangu hauna mlango," alikuwa akisema mwenyewe, "una pazia tu." Watu walimpenda kwa hilo. Baadaye walimhukumu kwa hilo hilo.

Wa pili nilikuwa mimi; mzee alinieleza mwenyewe, akijua sisemi na mtu.

Fundi Bofya alikuwa ameleta ubishi mpya, wa burudani. Alisema muziki wa ala za wazee hauna wasikilizaji tena kwa sababu haurekodiki: ukiurekodi unasikia upepo na makohozi, na hakuna programu ya bure duniani inayoweza kuutoa mnong'ono kutoka kwenye kelele. "Nani hapa anabisha?" akauliza. "Mgebuka? Au leo umekaangwa?"

Mwalimu wa kompyuta alikuwa na kinasa sauti kidogo. Nikakiazima. Kwa Mzee Tomasi nilikwenda na maneno niliyoyaandaa njiani, nikayasahau mlangoni, nikamnyooshea tu kile kinasa. Akakigeuza geuza.

"Unataka nini, mwana wanje, mwanangu? Unataka kunitia humu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Kwa ajili ya nani?"

Nikasema, "Mimi."

Ndilo neno moja tu nililosema siku hiyo, na halikuwa la kweli. Akafikiri. Nje mvua ilikuwa inadondoka juu ya turubai. Akasema, "Sawa. Kwako nitaimba wimbo mzima, wenye kichwa, usije ukakua ukadhani wimbo wetu huzaliwa bila kichwa. Lakini hii ni ya masikio yako. Nisije nikaisikia harusini." Akanicheka kidogo. "Ingawa wewe sina wasiwasi nawe. Si bure nakuita mtungi: kinachotiwa humo hakimwagiki."

Akaimba. Akajitaja. Jina lake, la baba yake, la kijito, la mlima. Sitaliandika hapa jina la mlima ule, hata leo.

Nilifanya kazi ile siku nne, saa yangu moja moja. Nilitoa mvua. Nilitoa kikohozi cha mtoto wa jirani. Nilitoa turubai. Ukabaki mnong'ono na nyuzi, safi kama mtu ameweka mdomo sikioni mwako. Ilikuwa kazi nzuri, mwanangu. Nisikudanganye hata hapo. Sijafanya kazi nzuri kuliko ile mpaka leo.

Halafu nikaipandisha jukwaani.

Mtandao wa kule ulikuwa wa kusuasua. Kwako wewe kupandisha sauti ni kufumba na kufumbua. Kwangu ilichukua karibu saa yangu yote. Nilikaa nikitazama mstari wa bluu ukijaa polepole, na pembeni yake kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "acha". Kilikuwa pale muda wote. Nilikitazama zaidi ya mara moja. Nikajiambia, sauti tu, nani atamjua mzee kwa sauti. Nikajiambia, nikikata kichwa cha wimbo itabidi nianze upya na saa imekwisha. Nikajiambia Fundi Bofya anasubiri. Niliyekuwa nimeandika mwezi mzima kwamba jina la mtu ni mali yake, nilikaa nikilitazama jina la mtu likiondoka, na nilichokiogopa ni umeme kukatika.

Siku mbili baadaye nilipofungua, watu walikuwa wameimiminia sifa. Na chini kabisa alikuwepo mtu mpya, ameandika kwa Kirundi, kwa adabu sana. Alisema mama yake amelia aliposikia. Huyo mzee ni wa mlima wao. Je, anaishi wapi siku hizi? Wangependa kumsalimu.

Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza kitu kwa adabu namna ile. Nikamjibu. Nikataja kambi. Nikataja na bomba la maji lililo karibu, asije akapotea.

Wiki ya pili wakaja wanaume wawili bombani. Nilikuwepo. Walikuwa wamevaa vizuri, wamebeba mfuko wa sukari na sabuni, kama watu wanaokwenda kuona mgonjwa. Wakawaamkia wanawake, wakauliza anapoishi mzee mmoja anayepiga inanga, wakamtaja kwa jina lake lile la kweli na kwa jina la mlima. Wanawake wakasema hatumjui mwenye jina hilo. Mmoja akasema, "Labda mnamtaka Mzee Tomasi." Mama Fabiola hakusema kitu. Ndiyo mara pekee niliyomwona amenyamaza bombani. Aliacha ndoo yake inafurika, akaondoka taratibu mpaka alipopita kona, na alipopita kona akakimbia.

Alimkuta mzee mashineni anasaga mahindi. Mzee hakurudi hata kuchukua blanketi. Waliokutana naye njiani wanasema alielekea huku ziwani, na mvuvi mmoja aliwahi kusema mzee wa namna hiyo alikaa Ilagala kwa muda, halafu hakuonekana. Sisi hatukumwona tena.

Wale wawili walifika nyumbani kwake, wakakaa nje, wakangoja kwa utulivu mpaka jioni. Walipoondoka waliacha mfuko wa sukari juu ya kigoda chake. Mpaka leo sijui kama walikuja kumsalimu au walikuja kumuua. Hakuna aliyeila ile sukari. Ilinyeshewa ikayeyuka pale pale.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Lile la kwanza lilikuwa kosa la mtoto, nimejaribu kujisamehe. Hili la pili nimelifanya kila siku tangu wakati ule, na mara ya mwisho nimelifanya Jumapili.

Kambi ilikaa kutafuta nani amesema. Nani alijua jina la mzee na la mlima wake? Mama Fabiola alijua, na hakukana kujua. Mama Fabiola ana mdomo usio na mlango, amesema mwenyewe. Basi kesi ikaisha kabla haijaanza. Na mimi? Mimi hakuna aliyenifikiria. Mama yangu mwenyewe alisema mbele ya watu, "Huyu wangu alikuwa anashinda kwa mzee, lakini huyu hata salamu inamshinda." Watu wakanitazama kwa huruma, wakaendelea.

Nilikuwa nimesimama pale, Irakoze. Mama Fabiola alikuwa anasema, "Nawaapia, kwa wanangu, sikusema." Alisema mara nyingi, kwa sauti inayozidi kushuka. Mtu anayesema sana akianza kujitetea kila neno humzamisha. Na mimi kimya changu kilikuwa kinanitetea bila jasho.

Wakamtenga. Hakupigwa, hakufukuzwa. Akifika bombani wanawake wanajaza ndoo zao bila kumtazama, anateka wa mwisho hata akiwa amefika wa kwanza. Alichoka. Alikuwa na shangazi yake Ujiji, akamfuata huko. Asubuhi aliyoondoka alipita kwetu kuaga. Mama yangu hakutoka nje. Mimi nilitoka. Akanishika kichwa, akasema, "Wewe peke yako hujanisema. Mungu akulipe."

Nilikuwa nimerudi jukwaani kabla ya hapo, kufuta. Nikakuta Fundi Bofya ameandika, "Nimeshindwa. Nakubali mbele ya wote. Mgebuka ni fundi kuliko mimi." Na kwa furaha yake alikuwa ameichukua sauti ile, akaiweka mahali pengine ambako watu wengi zaidi wangeisikia. Ushindi niliokuwa nimeungoja miezi yote ile ulinifikia siku hiyo. Nikamwandikia aitoe. Akatania, "Unaogopa umaarufu?" Nikamwandikia tena, safari hii bila kamusi, Kiswahili kibovu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akajibu maneno machache: "Nimeitoa. Pole sana. Nilidhani ni sauti tu." Sikumsikia tena akibishana na mtu. Sikuwahi kujua alikuwa nani. Kwa miaka mingi nilimchukia kwa sababu ya ubishi ule. Siku hizi nadhani yeye alinyooka haraka kuliko mimi.

Mengine unayajua. Nilikua, nikakutana na baba yako, nikaja kuishi huku Bangwe. Siku ya pili tu ya kwenda soko la Ujiji nikasikia sauti yake kabla sijamwona. Nilitaka kugeuka. Akaniwahi. "Mtungi wa Mzee Tomasi!" akaita soko zima, akanikumbatia mpaka gauni langu likaingia mawese. Yeye ndiye aliyekaa nami siku tatu nilipokuzaa, kwa sababu mama yangu alikuwa mbali. Jina lako, Irakoze, ni yeye aliyelitoa. Alisema mtoto huyu tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Kila alichonifanyia nilikipokea kama mtu anayepokea mgao wa jirani ulioletwa kwenye mlango usio wake. Na kila mara nilijiambia, nitamwambia akija Krismasi. Nitamwambia mtoto akianza shule. Nitamwambia akipona malaria hii. Nyinyi watoto mnadhani aibu huanza kubwa ikapungua. Yangu ilianza ndogo.

Naye amelivaa lile neno. Hilo ndilo ulilolisikia kwenye sauti uliyorekodi. Anajitania mwenyewe kabla hajataniwa na mtu, na ninyi kwenye kundi mkacheka, na nisingeweza kuwakataza, kwa sababu mimi ndiye niliyempa utani huo auvae.

Sikukatazi kubishana. Nitakuwa mnafiki. Mahali pale palinipa mdomo wakati sikuwa nao, na ungenikuta Jumatatu moja nikimpiga Fundi Bofya kwa hoja tatu mfululizo, ungejivunia mama yako. Huko unakokwenda utasomea hizo kompyuta, utabishana na watu usiowajua juu ya simu na filamu na nani anastahili kufahamu jina la nani. Bishana. Tukana programu zao. Ila kuna dakika moja katika kila ubishi ambapo hoja zako zinakwisha na wewe bado hujashinda, na mkono unaanza kutafuta kitu cha kuwaonyesha. Dakika hiyo mimi naifahamu. Mkono wangu uliokota kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa mtu aliyenipenda. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha. Nilikuwa najua yote niliyopaswa kujua, nilikuwa nimeyaandika kwa Kiswahili kizuri.

Ile sauti ya Bibi iliyoko kwenye kundi, sikuambii uifute. Si yangu, wala si yako. Muulize mwenyewe.

Katika kopo langu la nyuzi na sindano, chini kabisa, kulikuwa na kadi ya kumbukumbu ya kile kinasa, ndogo kama ukucha. Uliwahi kuiona ukiwa mdogo ukataka kuichezea, nikakuchapa, ukashangaa kwa sababu si kawaida yangu. Ni Mzee Tomasi, wimbo mzima, wenye kichwa. Sijausikiliza tangu siku ile. Kopo sasa halina kadi; nimeitia kwenye kitambaa, nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Nakwenda Ujiji. Nikimaliza mstari huu wa mwisho naiweka barua chini ya bakuli lako na ninaondoka, maana nikikungoja urudi nitapata sababu ya kukaa. Nitamkuta anafunga meza. Nitamwambia nikiwa nimesimama, kwa mdomo, bila kuandika kwanza kwenye daftari. Kisha nitamsikilizisha wimbo kwenye simu, ajue ni nini hasa kilichosema. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, na haki anayo. Anaweza kuita soko zima, na hiyo pia ni haki yake, watu wa kambini wengine wapo pale na wanastahili kusikia.

Kesho asubuhi stesheni, ukituona wawili, mwamkie yeye kwanza. Ukiniona peke yangu, usiniulize kitu mbele za watu. Nipe tu begi lako nilibebe mpaka mlangoni mwa behewa.

Mama yako,
Goreti, ambaye zamani alijiita Mgebuka